Nyumba Itazamwe kwa Macho ya Mtoto: Hotuba ya Mgeni Rasmi Katika Ufunguzi wa Darasa la Malezi

Kwa kuwa wengi wenu mmepakata watoto ambao utulivu wao haudumu, sitarefusha maneno.

Mtoto, akitimiza miezi minane au tisa, huanza kutambaa, na kila akishikacho hukitia kinywani, kwani hiyo ndiyo njia aliyojaaliwa ya kuujua ulimwengu. Basi si insafu kumwita mtundu kwa kunywa tulichokiweka sisi mahali afikapo. Nakusudia hasa mafuta ya taa, ambayo aghalabu twayanunua kwa kipimo kidogo, tukayatia katika chupa ya soda na kuiacha sakafuni. Mtoto aliyemwona jana kaka yake akinywea chupa kama ile atajuaje? Tena madhara yake makubwa hayako tumboni, yako mapafuni. Ndiyo sababu nawasihi, ukitokea msiba huo, msimtapishe, maana mafuta yakipanda tena kooni huweza kumpalia, bali mkimbizeni hospitali, na chupa yenyewe mwichukue.

Ndoo nayo tunaidharau. Kichwa cha mtoto mchanga ni kizito kwa kiwiliwili chake, hata akiinamia maji yasiyofika shibiri moja hushindwa kujinyanyua, naye huzama kimyakimya, mama akiwa chumba cha pili. Na seredani isikae njiani. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya baridi kwa muda wa dakika 20, asipakwe unga wala dawa ya meno.

Yote haya nimeyasikia yakiitwa kazi ya mama, nami sikubali kabisa, kwa sababu mama huyo huyo ndiye apikaye, afuaye na atekaye maji, na macho yake ni mawili tu. Komeo la kabati, rafu ya juu, mfuniko wa kisima: hayo yataka nyundo na misumari, na nyundo iko kwa baba. Wala tusisingizie kadari, ambayo twaiamini sote, pale ambapo tulikuwa na wasaa wa kutahadhari tusiutumie.

Basi jioni hii kila baba aliyehudhuria apige magoti nyumbani kwake, atambae toka ukumbini hata uani, na kila cha hatari atakachokifikia kwa mkono akiondoe kabla hajalala. Kwa maneno hayo, natangaza kwamba darasa hili limefunguliwa rasmi.