Uvimbe wa Ini Si wa Kungojea

Hotuba kwa wahudumu wa afya ya jamii, machifu na maafisa wa mifugo, Lodwar

 

Nimepewa dakika chache kabla ya wataalamu kuchukua nafasi. Mimi si daktari. Kazi yangu katika ofisi ya mawasiliano ni kutafuta maneno ya kawaida ya mambo ambayo wataalamu huyaita kwa majina marefu, na leo nimekabidhiwa mojawapo ya majina hayo: hidatidi. Mkilibeba neno hilo hadi kwenye boma kule Lokichoggio, hakuna atakayeinua mkono kusema anao huo ugonjwa. Lakini mkiuliza kama kuna mtu ambaye tumbo lake limekuwa likivimba upande wa kulia, chini ya mbavu, mwaka baada ya mwaka, mtaonyeshwa nyumba.

Basi nitauita kifuko cha maji kwenye ini, kwa sababu ndivyo kilivyo.

Kwa nini tuuzungumzie hapa na si Nyeri? Miaka ya themanini, watafiti walihesabu wagonjwa wa kaskazini magharibi mwa Turkana wakapata kiwango cha wagonjwa wapya takriban 200 kwa kila watu 100,000 kwa mwaka. Ni miongoni mwa viwango vya juu kabisa kuwahi kuandikwa duniani. Mwaka wa 1983 AMREF ilianzisha mpango wa kuudhibiti, na mashine ya ultrasaundi ya kubebwa ikapelekwa hadi kwa wafugaji huko huko waliko. Wazee walio hapa huenda wanakumbuka. Kwa hivyo hili si jambo geni lililoletwa na semina. Ni letu, na tumeishi nalo muda mrefu hadi baadhi yetu wameona ni kawaida mtu mzima kuwa na tumbo kubwa.

Chanzo ni tegu mdogo sana anayeishi kwenye utumbo wa mbwa, mdogo kuliko punje ya mchele. Mbwa mwenyewe haonekani mgonjwa. Anapojisaidia, mayai ya tegu hutoka na kinyesi, yakabaki kwenye mchanga, kwenye majani, majini, hata kwenye manyoya yake. Mbuzi, kondoo au ngamia huyala akilisha, na ndani yake vifuko vya maji huota kwenye ini na mapafu. Tunapochinja na kumtupia mbwa ini lenye vifuko, mzunguko umekamilika. Mtu huingia katikati kwa bahati mbaya: mkono uliomshika mbwa unaingia mdomoni, mbwa anaramba sufuria, mtoto analala naye. Hapa kwetu mbwa ni mlinzi na ni mwenzake mtoto, na sijaja kuwaambia mfukuze mbwa.

Kuna jambo moja watu wengi hulichanganya. Ugonjwa huu hauambukizwi kwa kula nyama, wala mtu hampi mwenzake. Mama mwenye kifuko kwenye ini anaweza kupika, kunyonyesha na kulala na wanawe bila kuwaambukiza. Lisemeni hilo kwa sauti, maana kuna wagonjwa wanaotengwa bure.

Sasa shida yenyewe. Kifuko hukua polepole na kimya. Mtu anaweza kuambukizwa akiwa mtoto, dalili zikaja akiwa na watoto wake mwenyewe. Takriban wagonjwa saba kati ya kumi huwa nacho kwenye ini. Wengi wa waliobaki huwa nacho mapafuni. Miaka mingi hakiumi. Halafu mtu anaanza kuhisi uzito, anashiba upesi, hawezi kuinama kufunga mzigo. Jirani anasema ni ujauzito, mwingine anasema ni bandama ya malaria, mwingine anasema amerogwa. Yote matatu humfanya angoje.

Na kungoja ndiko kunakofanya matibabu yawe magumu. Kifuko kikikua sana kinaweza kupasuka, kwa kuanguka, kwa kupigwa teke na punda, au bila sababu yoyote. Maji yake yakimwagika tumboni, mwili unaweza kuyapinga kwa nguvu, shinikizo la damu likashuka ghafla na mtu akafa kabla hajafika popote. Akinusurika, mbegu zilizomwagika huota vifuko vipya tumbo zima. Kikipasukia kwenye mirija ya nyongo, vipande vyake huiziba: macho yanakuwa manjano, mkojo unakuwa mweusi kama chai ya rangi, homa inapanda, maumivu yanakuja kwa mawimbi. Mkiona hayo kwa mtu mwenye uvimbe upande wa kulia, msimpe panadol mkasubiri kesho. Huyo ni wa kupelekwa hospitali siku hiyo hiyo.

Kutokana na hayo linakuja katazo ambalo nawaomba mlibebe hata mkisahau mengine yote. Uvimbe wa tumbo usidungwe. Usidungwe na mganga, usidungwe kwa mwiba wala wembe, na hata kwenye zahanati mtu asitie sindano kuona kilichomo kabla ya picha ya ultrasaundi. Nasikia watu wakisema kwamba hospitali nako hudungwa. Ni kweli, nitafika hapo.

Kipimo ni rahisi kuliko watu wanavyodhani. Ultrasaundi haina sindano wala haiumi, na huchukua dakika chache. Daktari hupaka mafuta mazito tumboni na kupitisha kifaa juu ya ngozi. Picha haimwambii tu kwamba kifuko kipo, humwonyesha pia umri wake, kwa namna ya kusema: kama ni maji matupu, kama kina vifuko vidogo ndani yake kama shanga, au kama kimekauka na kufa. Kipimo cha damu husaidia, lakini mtu anaweza kuwa na kifuko na damu isionyeshe chochote.

Aina ya kifuko ndiyo inayoamua matibabu, na hapa ndipo hofu ya kisu inapopaswa kupungua. Kifuko kilichokufa mara nyingi hakiguswi. Mgonjwa hurudi kupigwa picha kila baada ya muda. Kilicho kidogo, chini ya sentimita tano hivi, huweza kutibiwa kwa vidonge vya albendazole. Ni dawa ile ile ya minyoo tunayowapa watoto shuleni, ila hii humezwa kwa miezi na chini ya uangalizi, kwa sababu inaweza kulisumbua ini, na mama mjamzito hapewi ovyo. Asije mtu akainunua dukani akajitibu.

Kikubwa chenye maji matupu huweza kutolewa kwa sindano. Daktari huongozwa na picha, hupitisha sindano kwenye nyama ya ini lenyewe ili maji yasivujie tumboni, huvuta maji, hutia dawa ya kuua mbegu, husubiri, kisha huvuta tena. Mgonjwa huwa ameanza albendazole kabla, na dawa za kuokoa maisha ziko mezani iwapo mwili utayapinga maji hayo. Kabla ya kutia dawa, daktari huangalia kama maji yana nyongo, kwa maana dawa ile ikipenya kwenye mirija ya nyongo huiunguza. Linganisheni hayo na mwiba.

Upasuaji hubaki kwa vile vilivyokua mno, vilivyojaa vifuko vidogo, vinavyokaribia kupasuka, au vilivyokwisha kufungua njia hadi kwenye mirija ya nyongo. Daktari wa upasuaji huzungushia ini vitambaa vilivyoloweshwa maji ya chumvi kali ili tone lolote litakalomwagika life hapo hapo. Hukimaliza kifuko nguvu kwanza, ndipo akifungue na kutoa utando wake. Hutafuta kila tundu linalovuja nyongo na kulishona. Wakati mwingine hukata kipande cha ini. Ini lililobaki likiwa na afya hukua tena. Ni kazi ya saa kadhaa na ya mikono iliyozoea. Kifuko kinaweza kurudi, kwa hivyo mgonjwa hufuatiliwa kwa miaka.

Mgonjwa yule yule angekuja miaka mitano mapema, pengine angerudi nyumbani na vidonge.

Najua mtaniuliza kuhusu umbali. Kutoka Kibish hadi Lodwar si safari ya asubuhi, na mvua ikinyesha mito ya msimu haipitiki. Siwezi kuufupisha umbali huo kwa maneno. Linalowezekana ni kutomfungisha mtu safari mara mbili. Kwenye karatasi ya rufaa andikeni uvimbe uko wapi, umeanza lini, kama macho yamekuwa manjano, na kama mgonjwa anaishi na mbwa. Wasajilini watu kwenye SHA wakiwa bado wazima, kwa *147#, maana kumsajili mtu akiwa machela ni mateso kwake na kwenu.

Kuhusu mbwa, Shirika la Afya Duniani hupendekeza wapewe dawa ya tegu, prazikwanteli, angalau mara nne kwa mwaka. Hiyo ni kazi ya wenzetu wa mifugo na ndiyo sababu wamekaa mstari wa mbele leo. Machifu, kwenu naomba jambo moja la machinjioni na la maboma: ini au pafu lenye vifuko lichomwe, au lizikwe kwa kina ambacho mbwa hawezi kulifukua. Lisitupwe nyuma ya ua. Na maji ya kunawa yawekwe mahali mtoto anapofikia kabla ya kula, hata kama ni kikombe kimoja, najua maji yenyewe ni ya taabu.

Maswali ya dozi za mbwa namwachia afisa wa mifugo. Ya vidonge na upasuaji, daktari yuko hapa, karibu.