Mtaji Utoke Pamoja na Mlezi

Vita ya Biafra, ya jaribio la kujitenga na Nigeria, ilipomalizika mwaka 1970, Waigbo wa mashariki mwa Nigeria walikwenda benki kuulizia akiba zao. Serikali ilikuwa imeamua kila mwenye akaunti apewe pauni 20, hata kama kabla ya vita alikuwa na maelfu. Pauni 20 za kulisha watoto, kuezeka nyumba iliyobomoka na kufungua duka upya.

Walichobaki nacho ni watu wao.

Desturi yao ya igba boi ndiyo iliyobeba mzigo. Mwenye duka humchukua kijana wa kijijini kwao, mara nyingi mtoto wa ndugu au wa jirani, akakaa naye kwa miaka mitano, sita, hata minane. Familia mbili hukutana na kukubaliana kwa mdomo. Kijana hana mshahara; anakula na kulala kwa bosi wake. Anafagia, anabeba mizigo, anawajua wateja wanaolipa na wanaokwepa, anajua bidhaa ipi inatoka na ipi inalala. Muda ukitimia, bosi humpa mtaji, pengine humlipia na kodi ya fremu ya kwanza, kisha humtambulisha kwa wauzaji wa jumla. Baada ya miaka michache, naye anachukua kijana wake.

Maduka ya vipuri ya mji wa Nnewi na ya vifaa vya umeme katika soko la Alaba, Lagos, yamejaa waliopita njia hiyo. Mmoja wao ni Cosmas Maduka. Alifiwa na baba akiwa mdogo, akaacha shule ya msingi, akauza bajia za kunde, ambazo kwao huitwa akara. Mjomba wake akamchukua katika biashara ya vipuri. Alipoondoka kwa mjomba alikuwa na naira 200 mkononi, na miaka ya sokoni kichwani. Leo ndiye mwasisi wa Coscharis, kampuni inayouza magari ya BMW na Ford nchini Nigeria.

Mfumo huo una dosari. Wapo mabosi wanaomsingizia kijana wizi siku ya kumpa chake inapokaribia, na makubaliano ya mdomo humwacha kijana bila karatasi ya kuonyesha.

Tanzania ina fedha ambazo Waigbo wa mwaka 1970 hawakuwa nazo. Halmashauri hutenga asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Mwaka 2023 mikopo hiyo ilisitishwa, baada ya ripoti za Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali (CAG) kufichua vikundi hewa na marejesho yasiyolipwa. Mwaka 2024 ikarejea kwa utaratibu mpya, baadhi ya halmashauri zikipangiwa kuipitisha benki.

Mjadala mwingi umekuwa juu ya nani ashike fedha. Nani amshike mkono kijana, hilo limezungumzwa kidogo mno. Kikundi cha vijana kikinunua mashine ya kuranda mbao bila kujua mteja wa samani anadaiwaje, au mbao mbichi inapindaje baada ya miezi miwili, deni linaanza kuiva kabla kitanda cha kwanza hakijauzwa.

Wa kuwafundisha wapo. Pale Keko, Dar es Salaam, maseremala wamepokea vijana kwa miaka mingi, na VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, hurasimisha ujuzi wa waliojifunzia kazini kwa kuwapima na kuwapa vyeti. Halmashauri inaweza kuanzia hapo: kila kikundi cha vijana kitaje mfanyabiashara au fundi wa kata yao aliyekubali kukaa nacho kwa mwaka mzima wa kwanza wa mkopo, naye alipwe posho kadiri marejesho yanavyoingia. Makubaliano yao yaandikwe, yasainiwe, na nakala moja ibaki ofisi ya kata, ili kijana wa Keko awe na karatasi ambayo kijana wa Nnewi hana.