Tone kwa Cheni: Kuiandaa Pikipiki kwa Safari Ndefu

(Mazungumzo kwa waendesha bodaboda katika mkutano wa kata)



Pikipiki kwetu si chombo cha anasa. Ndiyo impelekayo mama mjamzito zahanati usiku, na ndiyo ipandishayo dagaa na migebuka kutoka mwalo wa Kibirizi. Cheni ikikatika mteremkoni yaweza kujisokota na kulifunga gurudumu la nyuma ghafla. Hapo haanguki dereva peke yake.

Lami imefika Manyovu, lakini njia nyingi za vijijini bado ni za udongo. Vumbi la kiangazi na matope ya masika huila cheni kavu. Wengi huipaka oili chafu iliyotolewa kwenye injini. Oili hiyo ina masizi na chembe za chuma, nazo husaga pini badala ya kuzilinda.

Dawa yake ni kichupa cha kudondosha oili, kifanyacho kazi kama dripu. Lakini asitumie mtu dripu iliyotoka hospitalini; hiyo ni taka ya hatari.

Kwanza, zima injini, safisha cheni kwa brashi na mafuta ya taa, kisha ikaushe. Ilegee milimita 20 hadi 30, au kama kitabu cha pikipiki kisemavyo. Klipu ya kiungio ielekeze upande wake uliofumba kule cheni inakokwenda.

Pili, funga kichupa wima chini ya kiti, mbali na ekzosi. Kifuniko kiwe na tundu dogo la hewa. Bila hilo oili haitashuka.

Tatu, teremsha mpira wenye koki hadi sproketi ya nyuma, oili iangukie upande wa ndani wa cheni. Mzunguko utaisukuma nje, ndani ya viungo. Ubane mpira imara, usiguse spoku wala tairi. Kava ya cheni isiondolewe. Ndiyo ngao ya vumbi.

Nne, tia oili ya giaboksi namba 90, urekebishe koki hadi tone moja au mawili kwa dakika. Ifunge kila unaposimama. Endesha kilomita chache, ukague tairi. Likiwa na oili, lifute na upunguze matone kabla ya kupakia abiria.

Asiye na uwezo wa kufunga kichupa, na apake oili safi kwa mkono kila kilomita 500, na kila baada ya kunyeshewa.

Mwisho, oili chafu na mafuta ya kuoshea yasimwagwe mtaroni. Mitaro yetu huishia ziwani, na ziwa ndilo kisima chetu na shamba letu la samaki. Yahifadhini katika dumu lenye kifuniko.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Bei ya chupa ya oili ni ndogo kuliko ya cheni na sproketi zake, na haifanani kabisa na thamani ya abiria aliyekaa nyuma yako.