Shamba la Nabothi na Bustani ya Mtaa

Hotuba iliyotolewa mbele ya wakazi na waumini katika ukumbi wa kanisa



Mmeniomba niseme neno juu ya bustani yetu. Najua wapo watakaouliza: nchi ina njaa, vijana hawana kazi, karo imewashinda wazazi, nanyi mnakutana kuzungumzia nyasi? Swali hilo ni la haki, nami nitajaribu kulijibu.

Sote tunaijua hali. Lango kubwa limefungwa kwa mnyororo. Anayetaka kuingia hupenya katika tundu la ua upande wa barabara. Kijana hupenya. Nyanya mwenye mkongojo hapenyi, wala ndugu yetu anayetumia kiti cha magurudumu. Bomba limekauka, choo kina kufuli, taa haziwaki, na takataka zimekuwa kichuguu. Watoto wetu wanacheza mpira kando ya barabara, matatu zikiwapita karibu, ilhali uwanja wao uko hatua chache tu.

Ndugu zangu, msidhani huu ni uzembe mtupu. Nchini mwetu, uchakavu umekuwa mara nyingi hatua ya kwanza ya unyakuzi. Kwanza taa huzimika na hakuna anayeziwasha. Kisha taka hurundikana, watu wema huacha kupita, na wahuni huingia. Ndipo husemwa kwamba mahali pale ni pango la wahalifu, na afadhali pajengwe. Halafu usiku mmoja mabati huzungushwa, na asubuhi anatokea bwana mwenye hati mkononi. Tume iliyoongozwa na wakili Paul Ndung'u, iliyotoa ripoti yake mwaka 2004, ilionyesha jinsi ardhi ya umma ilivyogawiwa kinyume cha sheria: misitu, viwanja vya michezo, hifadhi za barabara, hata makaburi.

Mambo haya si mageni kwa msomaji wa Biblia. Katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme, sura ya 21, mfalme Ahabu alilitamani shamba la mizabibu la Nabothi. Nabothi alikataa, kwa kuwa ulikuwa urithi wa baba zake. Tazameni basi Yezebeli alivyofanya. Hakutuma jeshi. Aliandika barua kwa jina la mfalme, akazitia muhuri, akatafuta mashahidi wa uongo, na wazee wa mji wakatii. Dhuluma ile ilipita ofisini, ikiwa na muhuri wake.

Lakini Nabothi alikuwa na faida moja: shamba lilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe alisema hapana. Bustani ya umma ni ya wote, na mali ya wote hukosa mtu wa kuisemea. Mnyakuzi hutegemea jambo hilo hasa. Kila mmoja wetu akimngoja mwenzake awe Nabothi, bustani itakwenda.

Wako waliokataa kungoja. Mwaka 1989 palitangazwa mpango wa kujenga jumba la orofa 60 ndani ya Uhuru Park. Profesa Wangari Maathai alishika kalamu, akaandika barua kwa wakubwa wa serikali, kwa magazeti na kwa mashirika ya nje. Alidhihakiwa bungeni, lakini jumba halikujengwa. Mwaka 1991 ilikuwa zamu ya Jeevanjee Gardens, bustani ambayo Alibhai Mulla Jeevanjee aliwapa wakazi wa Nairobi mwaka 1906. Palikuwa na mpango wa kuijenga. Mjukuu wake, Zarina Patel, akaungana na wananchi kupinga, na bustani ikapona.

Kisha ukaja mwaka 1992. Akina mama waliokuwa na wana vizuizini kwa sababu za kisiasa walikwenda kuketi Uhuru Park, wakafunga kula. Polisi waliwatawanya kwa marungu na gesi ya kutoa machozi, na Kanisa Kuu la Watakatifu Wote likawafungulia mlango. Nawauliza: kama jumba lile lingejengwa, akina mama wale wangeketi wapi? Hili ndilo jibu langu kwa anayesema tunahangaikia nyasi. Mwananchi asiye na mahali pa kukutana na mwenziwe bila kulipa na bila kuomba ruhusa, uhuru wake ni wa makaratasi.

Leo tunazo silaha ambazo waliotutangulia hawakuwa nazo, na zote ni za amani. Katiba ya mwaka 2010 imeziweka bustani za umma chini ya serikali za kaunti. Kifungu cha 54 kinampa mlemavu haki ya kufika mahali pote pa umma kwa njia ifaayo. Kifungu cha 37 kinatupa haki ya kukusanyika kwa amani na kupeleka maombi kwa wenye mamlaka. Na kifungu cha 70 kinamruhusu mtu kwenda mahakamani kutetea mazingira bila kulazimika kuthibitisha kwamba yeye mwenyewe ameumia. Maana yake ni kwamba kila mmoja wetu anaweza kuwa Nabothi.

Iko pia Sheria ya Kupata Habari ya mwaka 2016. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au kwa Kiswahili, na ofisi hupaswa kulijibu katika muda wa siku 21. Basi napendekeza tuulize mambo matatu. Mipaka ya bustani hii katika ramani iliyosajiliwa ni ipi? Ni fedha ngapi zilitengwa kwa utunzaji wake, na zilitumiwaje? Ni nani aliyeagiza lango lifungwe? Tukishajibiwa, tupeleke ombi letu katika bunge la kaunti, lenye sahihi nyingi na madai machache: lango lifunguliwe tangu asubuhi hadi jioni bila malipo, pawe na njia ya magurudumu, na maji, choo na taa virudishwe.

Lakini nisiwasifu bure. Zile taka hazikutoka ikulu. Nyingine zilitoka majumbani mwetu. Nehemia alipoujenga upya ukuta wa Yerusalemu, watu waligawana kazi, wengine wakitengeneza sehemu iliyoelekea nyumba zao: makuhani, mafundi wa dhahabu, hata watengeneza manukato. Wakuu wa Tekoa peke yao ndio walioona kazi ile haiwafai. Basi Jumamosi tuje na mafyekeo, reki na magunia. Tusifanye hivyo ili kuipunguzia kaunti wajibu wake, maana kodi tumelipa. Tufanye hivyo ili mahali pale paonekane pana wenyewe.

Mnyakuzi akija na mabati yake, atukute tumeketi pale na wajukuu zetu.