Picha Nayo Ina Sanad

(Hotuba kwa vijana wanaojifunza kazi ya habari)



Ndugu zangu katika imani, kazi ya habari si ngeni katika harakati za islahi. Mwaka 1932 Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alianzisha mjini Mombasa gazeti la Al-Islah ili kuwazindua Waislamu. Yeye alihitaji kalamu, karatasi na mpiga chapa. Leo kijana mwenye simu hupiga picha, hurekodi sauti, huhariri na kueneza kabla hajatoka msikitini. Wepesi huo ni neema, na kila neema ina hesabu yake.

Tazameni yaliyowafika ndugu zetu Warohingya wa Myanmar. Kuanzia Agosti 2017 zaidi ya watu 700,000 walikimbilia Bangladesh. Julai 2018 jeshi la Myanmar likachapisha kitabu cha kujitetea, na ndani yake mlikuwa na picha ya maiti iliyodaiwa kuwa ya wafuasi wa Budha waliouawa na Warohingya. Shirika la habari la Reuters likaichunguza. Kumbe ni picha ya vita vya Bangladesh vya mwaka 1971! Nyingine, iliyodaiwa kuonyesha Warohingya wakiingia nchini zama za Waingereza, ilikuwa ya wakimbizi wa Rwanda mwaka 1996. Ilikuwa ya rangi, ikageuzwa kuwa nyeusi na nyeupe. Septemba 2018 jeshi likaomba radhi.

Vijana wangu, njia ya kuanza uchunguzi wa namna hiyo imo katika simu zenu. Viko vyombo vya intaneti ambavyo ukiviingizia picha, hukuonyesha kurasa nyingine ilikowahi kutokea. Jifunzeni kuvitumia.

Maulamaa wa Hadithi walitutangulia katika jambo hili. Imam Bukhari hakutosheka na matini. Alitazama nani kapokea kwa nani, na kama msimulizi ni mwaminifu. Basi picha nayo ina sanad. Nani kaipiga? Lini? Wapi? Imepitia mikono ya nani? Faili la picha ya simu kwa kawaida huhifadhi tarehe na saa, na pengine mahali. Lakini ikitumwa kwa WhatsApp kama picha ya kawaida, maelezo hayo huondolewa. Kwa hiyo mwombeni mpigaji awatumie faili la asili, kama waraka.

Sauti nayo ni amana. Sheikh akisema jambo, kisha mhariri akakata maneno yaliyofuata "lakini", hukumu hugeuka, na halali ikasikika kuwa haramu. Hifadhini rekodi nzima kabla ya kuhariri. Na katika zama hizi za akili bandia, ambapo kompyuta huweza kuunda sura na sauti ya mtu, msiseme, "Nimeona kwa macho yangu", mkadhani mmemaliza.

Sura Al-Hujurat, aya ya 6, imetuwekea wajibu wa kuhakikisha habari kabla ya kuitendea kazi. Wajibu huo hauondoki kwa kuwa kidole ndicho kilichobonyeza, wala ulimi haukusema. Anayedhulumiwa hunusurika kwa ushahidi wa kweli. Ukichanganyika na uongo mmoja, adui huukanusha wote.

Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe mashahidi waadilifu. Amin.