Mtoto Asiyehesabiwa Hatafutwi

Mada kwa wajumbe wa Haki na Amani wa parokia



Ndugu wapendwa, yule mchungaji wa Injili aliyewaacha kondoo tisini na tisa akamwendea mmoja aliyepotea, alijuaje kwamba mmoja hayupo? Alijua kwa sababu alikuwa amehesabu, na aliikumbuka idadi aliyoanza nayo. Leo napenda tutazame hesabu ya vijana wanaoacha masomo ya sekondari hapa Tanzania. Huenda mtu akadhani kwamba hiyo ni kazi ya maofisa wa takwimu tu. La hasha. Ni suala la haki, kwani mtoto asiyehesabiwa hana wa kumtafuta.

1. Hesabu mbili za kundi moja

Tuchukue mfano wa wanafunzi 100 wanaoingia kidato cha kwanza, na tuseme kwamba kila mwaka wanaacha watano katika kila mia. Taarifa ya mwaka itaandika kwamba walioacha ni asilimia 5, na itakuwa imesema kweli. Lakini mwisho wa mwaka wa nne, kati ya wale 100 watakuwa wamebaki 81 hivi. Kumi na tisa wametoweka, na hiyo nayo ni kweli. Hesabu ya kwanza hupima mwaka mmoja. Ya pili hufuata kundi lile lile tangu kuingia hadi kumaliza. Kosa ni kulinganisha hesabu ya kwanza ya wilaya moja na hesabu ya pili ya wilaya nyingine, au kubadili kipimo kila mwaka ili kutangaza tarakimu inayopendeza.

Wapo pia wanaolinganisha kidato cha nne na kidato cha kwanza cha mwaka huo huo. Njia hiyo hupotosha. Ada ya shule za sekondari za serikali ilipoondolewa kuanzia Januari 2016, njia ya kidato cha kwanza ilipanuka. Idadi ya wanaoingia inapoongezeka, pengo kati ya madarasa hayo mawili huwa kubwa hata kama hakuna aliyeacha, kwa kuwa hao ni watoto wa makundi mawili tofauti.

2. Ni nani aliyeacha?

Aliyehamia shule nyingine hakuacha. Aliyekariri kidato cha pili baada ya upimaji wa taifa hakuacha, bali amechelewa. Aliyefariki tunamwombea; hatumwandiki mtoro. Lakini neno “amehama” laweza kuwa pazia la kuficha mengi.

Mji wa Houston, Marekani, unatupa funzo. Mwaka 2003 ilifichuka kwamba shule moja ya sekondari iliripoti kuwa hapakuwa na hata mwanafunzi mmoja aliyeacha, ilhali mamia walikuwa wameondoka. Walikuwa wameandikiwa sababu nyingine. Wakuu wa shule za mji huo walikuwa wakipimwa kwa takwimu hizo hizo walizoziandika wenyewe. Mwaka 2005 magavana wa majimbo yote 50 walikubaliana juu ya kipimo kimoja, na mwaka 2008 serikali kuu ikaweka kanuni: kundi lifuatwe kwa miaka minne, na mwanafunzi asiondolewe katika hesabu kwa kuitwa mhamiaji mpaka pawepo uthibitisho wa maandishi. Ndugu zangu, mizani ya haki haishikwi na muuzaji peke yake.

3. Neno “utoro”

Katika takwimu zetu, sababu inayotajwa kuliko zote ni utoro. Lakini kusema kwamba mtoto ameacha shule kwa utoro ni kusema kwamba haji kwa sababu haji. Nyuma ya neno hilo kuna njaa, mwendo mrefu wa miguu, mama mgonjwa, kazi za machimboni au nyumba za watu. Neno hilo humhukumu mtoto kabla hajaulizwa.

Tuwakumbuke pia mabinti. Tangu Novemba 2021 serikali inaruhusu wanafunzi waliokatisha masomo kwa sababu mbalimbali, ikiwamo ujauzito, kurejea shuleni. Basi daftari lililo na nafasi ya “ameondoka” tu halitoshi. Liwe na nafasi ya “amerudi”. Vinginevyo binti aliyerudi na yule aliyekataliwa mlangoni wataonekana sawa.

4. Wajibu wetu

Sisi hatuchukui kazi ya serikali. Baraza la Mitihani linao mfumo wa PReM, unaompa mwanafunzi namba inayomfuata tangu shule ya msingi. Tudai kwamba itumike kumfuatilia mtoto hata anapotoweka. Nasi katika jumuiya ndogo ndogo tufanye haya:

(a) Kila Januari tuandike watoto wetu wanaoanza kidato cha kwanza, na tuifuate orodha hiyo hiyo kwa miaka minne.

(b) Anayesemekana amehama, tuulize shule inayompokea.

(c) Anayekosekana, aendewe nyumbani kabla hajaandikwa mtoro.

(d) Orodha hiyo isisomwe kanisani wala kuwa chanzo cha masengenyo. Tunahesabu ili tutafute, si ili tuaibishe.

Maswali ya kutafakari: Katika jumuiya yako, walioanza kidato cha kwanza miaka minne iliyopita walikuwa wangapi? Wako wapi leo? Ikiwa hatuwezi kujibu, tusijivunie wale tisini na tisa.