Swali, Lugha na Ukweli: Kujifunza Mahojiano ya Utafiti Karagwe na Kyerwa



Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Sisi wa taaluma za jamii hatuna budi kuongeza kwamba namna ya kuuliza hujifunzwa. Mwanafunzi anayekwenda kufanya mahojiano ya kina katika wilaya za Karagwe na Kyerwa, mkoani Kagera, huwa amekwisha kufundishwa sampuli, hojaji na uchambuzi. Lugha ya swali lenyewe hufundishwa kwa uchache. Hoja yangu ni kwamba swali lililobeba jibu ndani yake hurudishiwa jibu hilohilo kwa adabu, nasi tukaliita data.

Historia ya Karagwe inatupa mfano. Mwishoni mwa mwaka 1861, John Hanning Speke na James Grant walifika kwa Omukama Rumanyika. Katika kitabu chake cha mwaka 1863, Speke anaeleza kuwa mfalme aliwasalimu kwa Kiswahili kizuri. Kwa hiyo Kiswahili kimekuwa lugha ya kuhojiana na wageni Karagwe tangu kabla ya ukoloni. Hata hivyo, lugha ya pamoja haikutosha. Speke aliamini kwamba watawala wa nchi za maziwa makuu walitoka Uhabeshi, na walipozungumzia asili ya ukoo wa mfalme hakuishia kusikiliza, bali alimweleza mwenyeji wake imani hiyo. Nadharia ya namna hiyo iliingia katika maandishi ya kikoloni na kuleta madhara makubwa, hasa katika nchi jirani ya Rwanda. Zaidi ya karne moja baadaye, mwanahistoria Israel Katoke aliyarejea masimulizi ya wenyeji katika historia ya ufalme wa Karagwe aliyoichapisha mwaka 1975.

Tuje katika mashamba ya leo. Kahawa ni zao kuu la biashara katika wilaya hizi mbili, ambazo zilikuwa moja hadi Kyerwa ilipoanzishwa mwaka 2012. Wapo wakulima ambao, wakibanwa na ada ya shule au ugonjwa, huuza kahawa ingali mtini kwa bei ya chini. Mkoani Kagera desturi hiyo huitwa butura, na serikali imeipiga marufuku. Mwanafunzi akiuliza, “Je, wewe huuza kahawa kwa butura?”, ameuliza swali funge lenye shutuma ndani yake. Atajibiwa “hapana”, kisha ataandika kwamba butura imekoma. Lakini akisema, “Mzee, naomba unisimulie safari ya kahawa yako ya msimu uliopita, tangu ilipochanua hadi ulipopata fedha,” amemwachia msimulizi nafasi ya kuamua aanzie wapi na neno gani alitumie. Akinyamaza kidogo baada ya jibu, huenda akasikia lile ambalo hakujua kuliuliza.

Suala la pili ni tafsiri. Wenyeji wengi huzungumza Kinyambo, lugha ambayo Josephat Rugemalira ameifanyia uchambuzi wa sarufi na msamiati. Kinyambo, kama jirani yake Kihaya, hutofautisha katika kitenzi wakati uliopita wa karibu na ule wa mbali. Kiswahili sanifu huweza kuzifunika nyakati zote hizo kwa kiambishi -li-. Bibi akisimulia mgogoro wa shamba kwa Kinyambo, na mkalimani akasema “walininyang’anya”, hatujui kama ni juzi au ni enzi za ujana wake. Kwa sababu hiyo unukuzi uanze na maneno yenyewe ya mhojiwa, tafsiri ifuate kando yake, na neno kama butura libaki lilivyo na kufafanuliwa.

Suala la tatu ni yule unayefuatana naye. Kibali cha utafiti hupita mkoani, wilayani, katani, hadi kwa mtendaji wa kijiji. Utaratibu huo ni wa lazima. Lakini mtendaji akiketi karibu wakati wa mahojiano, mkulima huijibu serikali. Mwanafunzi amshukuru kwa utambulisho, kisha aombe faragha. Aombe pia ridhaa ya kurekodi, wala asiandike jina au alama ya shamba itakayomfichua aliyemwamini.

Ndugu zangu, mkulima aliyemweleza mtafiti kuhusu butura amejiweka hatarini. Tukipotosha kauli yake, sera itatungwa dhidi ya mtu ambaye hatukumsikia. Idara za Kiswahili zina wajibu hapa: somo la mbinu za utafiti lifundishwe pamoja na isimu na tafsiri, na kabla ya kwenda uwandani kila mwanafunzi asikilize mahojiano yake ya majaribio, ahesabu ni maneno mangapi yalikuwa yake na mangapi ya mhojiwa. Akikuta kwamba yeye ndiye aliyesema zaidi, bado hajawa tayari kwenda.